Mlio Niliompa Aikaeli

Mlango wa chumba hiki ni mnene kama mlango wa friji la bucha, na ukifungwa haugongi, unameza. Dada wa vipimo, Wande jina lake, ananivisha visikizio vizito, ananiwekea kitufe kiganjani, ananiambia, Ukisikia mlio wowote, hata mdogo kama wa mbu aliye chumba cha pili, bonyeza, usiposikia, tulia. Namuuliza, Na kama nausikia muda wote? Anacheka kidogo, anasema, Huo wako uache, dada yangu, sikiliza wa kwangu. Anasukuma mlango, namwona kupitia kidirisha akikaa kwenye mashine yake, na kimya kinanishukia kutoka kwenye kuta za sponji, kimya ambacho sijawahi kukikuta popote, na katikati yake mlio wangu unasimama wima, iiiiii, mwembamba, mkali, haupumziki kuvuta pumzi. Ni saa nne na nusu asubuhi. Wiki tatu sijapata usingizi wa maana. Nimekaa ndani ya sanduku, nimeshika kitufe, na badala ya kusikiliza mlio wa Wande namwaza Aikaeli.

Mimi ni Ndeshi, na kwa miaka sita mimi ndiye ninayetoa do katika kwaya ya usharika wetu. Asiyejua kazi hiyo aijue: tunapoimba bila kinanda, kabla hatujafungua midomo, mtu mmoja anasogea nusu hatua, anainua mkono usawa wa kifua, anaachia nota moja ya chinichini, do, na soprano na alto na teno na besi kila mmoja anapima sauti yake kutoka pale. Akikosea yeye, wamekosea watu arobaini. Mimi sikosei. Mwalimu Kisamo anawaambia wageni kwamba binti huyu kazaliwa na uma wa kupimia sauti kichwani, na mimi nainamisha macho kama mnyenyekevu, kwa sababu najua siri ambayo yeye haijui. Ninafanya kazi kwenye karakana ya mbao ya kaka yangu, naendesha mashine ya randa, miaka minane masikio wazi, na miaka miwili iliyopita sikio la kushoto lilianza kulia. Mwanzoni niliogopa. Halafu nikagundua kwamba mlio ule hautikisiki, leo uko pale ulipokuwa jana, na kutoka pale naweza kushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye do, bila kubahatisha. Nikaacha kuitafuta do kwa moyo, nikawa naiokota kutoka sikioni. Watu wakasema kipaji kimekua. Nikawaacha waseme. Kisha kukawa na ile harusi ambapo spika ilipiga ukelele karibu na kichwa changu mpaka nikaona nyota, na baada yake mlio ukahama, ukapanda, nami sikujua. Siku ya mavuno nikasogea nusu hatua, nikainua mkono, nikashuka ngazi zilezile kutoka mahali pasipo penyewe, nikatoa do ya juu ya kutisha. Kwaya ikanifuata, maana imezoea kunifuata. Soprano zikakatika kwenye ubeti wa kwanza, Mzee Ngowi wa teno akatoa sauti ya jogoo anayejifunza kuwika, watoto wakaanguka chini kwa kicheko, na mke wa mchungaji akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Wiki iliyofuata Mwalimu Kisamo akasema, kwa upole ambao ni mbaya kuliko tusi, Ndeshi apumzike, Aikaeli atatoa. Aikaeli! Mfuma masweta ya shule, ana miaka ishirini na miwili, niliyemfundisha mwenyewe kusoma nota kwa kijiti cha fagio ukutani. Jumapili hii ni mashindano ya kwaya za jimbo zima, kwaya kumi na mbili, na ndiye atakayesogea nusu hatua. Isipokuwa nikipona. Ndiyo maana niko humu: Ukipona, Mwalimu amesema, nafasi ni yako. Nami namwonea wivu Aikaeli kwa namna ambayo sijui niisimulie vipi bila kuona haya. Namwonea wivu anavyolamba midomo kabla ya kutoa nota. Namwonea wivu sikio lake dogo lenye hereni ya shanga, ambalo ndani yake hakuna kitu, hakuna kabisa, ni chumba kilichofagiliwa. Akilala kwenye benchi wakati wa mapumziko, analala palepale kama gunia la mahindi. Nani kamruhusu kulala hivyo? Ninawaza hayo, na visikizio vinanibana kwa joto, na sponji za ukutani zinapumua, zinavimba na kunywea, zinavimba na kunywea, na ukuta wa nyuma yangu, ambao hauna mlango, unafunguka.

Natoka kwa sababu hakuna wa kunizuia. Nje kuna barabara, na barabara ni ya vumbi laini la mbao, halikanyagiki kwa kelele, na kila ninapotazama mbele naona inapinda kushoto, na kila ninapofika kwenye kona naikuta imenyooka, na kona imesogea mbele, kana kwamba ni mimi ninayeitembeza. Pembeni amesimama mtu mrefu aliyevaa shati safi lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na juu ya kola kuna kichwa laini kama yai, hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mdomo. Namsalimia, maana nimelelewa. Shikamoo. Marahaba, anaitikia, na sauti inatoka kwenye kola. Namuuliza, Hapa ni wapi? Anasema, Hapa ni ulipo ukiwa unasikiliza. Namuuliza, Na mlio wangu unatoka wapi? Anasema, Nyumba imehamwa, lakini kila siku sufuria linachemka jikoni. Mpishi ni nani? Namwambia, Mzee wangu, sikuja kutegewa mafumbo, Jumapili iko karibu. Anasema, Basi twende umwone mpishi, na anatangulia, na kisogo chake ni sawasawa na uso wake, hivyo sijui kama anakwenda au anarudi, ila namfuata, na barabara inatufuata sisi.

Inatufikisha kwenye shamba la nyasi. Ni nyasi nyembamba kuliko unywele, ndefu, zimejipanga kwa mistari iliyojizungusha kama ganda la konokono, na sauti ikipita, mlio wa ndege tu au kikohozi, nyasi za mstari fulani zinainama na kuinuka, zinanong'ona, na nyingine zinakaa kimya zikisubiri zamu. Ni shamba zuri mpaka nataka kulia. Lakini upande wa mwanzo, pale ambapo zinapaswa kujibu sauti za juu kabisa, nyasi zimelala chini, zimepondwa, zimekuwa kama zilivyo nyasi za uwanja baada ya mkutano wa hadhara, na juu yake kuna vumbi la mbao. Katikati ya sehemu hiyo iliyopondwa kuna kibanda, na mlangoni mwa kibanda amekaa mlinzi mwenye koti la jeshi kuukuu, naye hana uso, ila mahali pa mdomo pamechomekwa filimbi, na anaipuliza. Iiiiii. Naijua. Nimeishi nayo miaka miwili, nimeshuka ngazi zake kila Jumapili. Namvamia. Wewe! Kumbe ni wewe! Nani amekutuma upige filimbi? Mlinzi haachi kupuliza, lakini anaongea palepale, kama wanavyoongea watu wa huku, Na nani ameniambia ninyamaze? Mimi kazi yangu ni kupokea taarifa za nyasi na kuzipandisha juu kwa mkubwa. Zamani hapa nilikuwa napokea taarifa mia kwa dakika. Randa yako imepita, mwaka baada ya mwaka, spika ya harusi ikaja kumalizia, na nyasi zangu hazisemi tena. Sasa mkubwa anauliza, huko chini kukoje? Nimjibu nini? Nimjibu kimya? Mkubwa hapendi kimya, atadhani nimelala. Basi napuliza, ajue nipo.

Namwambia, Mkubwa huyo ni nani? Anainua kidole kuelekea paji la uso wangu. Namwambia, Basi kama mkubwa ni mimi, nakuamuru, nyamaza. Anapuliza kwa nguvu zaidi, mpaka koti linatikisika. Nyamaza, nasema! Anapuliza mpaka nyasi nzima za upande wa pili zinainama kwa woga. Mwenye kichwa cha yai anacheka ndani ya kola yake. Mlinzi anasema, Unaona? Ukinikaripia najua uko macho na umekasirika, na mkubwa akiwa macho na amekasirika, mlinzi anaongeza bidii, si ndivyo? Ungekuwa wewe ungelala? Siku ukiwa umeshughulika na mambo yako, na mvua iko juu ya bati, na mama anakaanga vitunguu, mimi napuliza vilevile, lakini hata mwenyewe sijisikii. Zile ndizo siku zangu nzuri. Nasimama pale nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda. Namuuliza, kwa sauti ya chini sasa, Huwezi kuondoka? Anasema, Niende wapi, hapa ndipo kwetu. Halafu anasogeza filimbi pembeni kidogo, kama mtu anayetaka kusema siri, Ila uhamisho upo. Kuna mji kule mbele, wanapokea. Unachohitaji ni jina la mtu.

Jina ninalo. Sijui hata kama nimelitamka au limetoka lenyewe, ila barabara imeshalisikia, imejikunjua mbele yangu kwa haraka kama tepe la fundi cherehani, na mwenye kichwa cha yai yuko tayari mbele, na mlinzi amening'inia kwenye bega langu la kushoto, mwepesi kama koti, akipuliza. Tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, mitaa mizima ya vioo, paa za vioo, ngazi za vioo unazopanda ukajikuta umeshuka, na kwenye kila kioo yupo mtu, na mtu huyo si mimi. Ni Aikaeli. Aikaeli wa kitenge cha kijani, Aikaeli wa joho la kwaya, Aikaeli akifuma, sindano zake zikikimbizana, Aikaeli akilala kwenye benchi mdomo wazi. Wanawake wasio na nyuso wanasugua vioo kwa magazeti yaliyoloweshwa, na mmoja wao ananiuliza bila kugeuka, Unamtafuta nani, mwanangu? Namwambia, Aikaeli. Anasema, Yupi, huyu wa sketi nyeusi au yule anayekula ndizi? Namwambia, Ni yuleyule mmoja, mama, wote ni yeye. Anasema, Kwako wewe. Jana alipita mwanamume hapa akaona kaka yake kwenye kila ukuta, akavunja vioo mpaka mikono ikachoka, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa na kaka mzima. Sisi tunafagia tu. Namuuliza, Na wewe unamwona nani humu? Anaacha kusugua. Anasema, Maswali mengine si ya kumuuliza mtu aliye kazini, na wenzake wanacheka, Ehee, kapatikana leo!

Nachagua kioo kimoja kirefu. Ndani yake ni Jumapili. Naona ukumbi, naona kwaya kumi na moja zimekaa kwenye mabenchi kila moja na rangi yake, naona yetu imesimama mbele, na naona Aikaeli akisogea nusu hatua. Nusu hatua yangu. Analamba midomo. Namuuliza mwenye kichwa cha yai, Nafanyaje? Anasema, Jina na pumzi. Naweka mdomo kwenye kioo, karibu kabisa na lile sikio la hereni ya shanga, nasema Aikaeli, na napumua. Mlinzi anateleza kutoka begani kwangu, anaingia kwenye ukungu wa pumzi yangu, anapotea. Na kimya. Jamani, kimya! Si kile cha sanduku, hiki ni cha ndani, cha mpaka kwenye mifupa, kama kuingia kwenye nyumba yako mwenyewe baada ya wageni wa mwezi mzima kuondoka na kukuachia vyumba vyako. Nacheka, na kicheko hakitoi sauti. Natembea, nyayo hazitoi sauti. Nasema moyoni, sasa ajaribu yeye kulala. Sasa aamke na macho mekundu kama mimi, aulizwe na watu, mbona umekonda. Nakaa chini mbele ya kioo kama mtu aliyekuja kutazama mechi, nisikose hata dakika ya kuanguka kwake.

Aikaeli anashtuka. Anagusa sikio. Uso wake unakunjamana, nami nafurahi. Kisha anainamisha kichwa, anasikiliza, na kitu kinapita usoni mwake ambacho nakijua, nakijua kwa sababu kilipita usoni mwangu miaka miwili iliyopita karibu na mashine ya randa. Ameugundua. Anatabasamu. Anaushika mlio wangu, anashuka nao ngazi kwa ngazi, taratibu, hakosei hata moja, anainua mkono na kutoa do. Na ni do yenyewe. Huku mlio haujahama, huku uko pale pa zamani, na kwaya inafunguka kutoka kwenye ile nota kama mlango wa kanisa siku ya harusi, na majaji wanaweka kalamu chini, na Mwalimu Kisamo analia bila kujifuta. Wivu niliokuwa nao mwanzo naona ulikuwa mchezo wa watoto. Nilimwonea wivu kimya chake. Sasa namwonea wivu ugonjwa wangu. Nagonga kioo kwa ngumi mbili. Ule ni wangu! Aikaeli wa kwenye kioo anageuka katikati ya wimbo, wenzake wakiendelea, na anasema, Wako? Dada Ndeshi, si umenipa mwenyewe? Namwambia, Nirudishie. Anasema, Kumbe ulikuwa unatuchezea, miaka yote unaiba jibu, sisi tunakupigia makofi. Na huu utamu wote ulikuwa unakula peke yako. Namwambia, Mtoto wewe, nimekufundisha kwa kijiti cha fagio! Anasema, Na mimi nashukuru, dada, anarudi kwenye wimbo wake, na hata mgongo wake unaimba.

Najaribu kutoa do yangu mwenyewe. Nafungua mdomo na hakuna pa kuanzia. Nimesahau. Nilikuwa naijua do kabla ya mlio, niliitoa miaka minne bila msaada wa filimbi ya mtu, naikumbuka ilivyokuwa inakuja kutoka chini ya mbavu, lakini njia yake imeota magugu, na ndani ya kimya hiki nilichokiomba nota zote ziko mbali sawasawa. Namgeukia mwenye kichwa cha yai. Nataka mlio wangu urudi. Anasema, Huo mlio ulitokea mlango gani? Mdomoni. Anasema, Basi mdomo umeshafanya kazi yake. Una mlango mwingine? Naelewa na sitaki kuelewa. Anataka niweke sikio pale, kwenye kioo, nimsikilize Aikaeli. Kumsikiliza kwa kweli, siyo kumsubiri akosee. Nasema, Sifanyi, nakwenda zangu. Naondoka. Mtaa unapinda, natokea kwenye kioo kilekile. Nachukua ngazi za kulia, zinanipandisha mpaka juu ya mji na kunishusha mbele ya kioo kilekile. Nakimbia kwenye vumbi la mbao mpaka mbavu zinauma, na nikisimama kuvuta pumzi, yule mama msuguaji yuko pembeni yangu na gazeti lake, anasema, Bado tu? Wewe mbishi, mwanangu. Mimi kioo hiki nimekisugua mara tatu tangu uanze kukimbia.

Basi naegemea. Naweka sikio la kushoto kwenye kioo, baridi inaniingia mpaka kwenye jino, na nasikiliza sauti ya Aikaeli. Sitasema uongo: ni nzuri. Haina nguvu kama yangu, chini inatetereka kidogo, lakini ina upana, ina joto la sufu, mtu anaweza kukaa ndani yake. Nairuhusu. Naikubali do kutoka kwenye mdomo wake kama wanavyoipokea wote arobaini, kama ambavyo kila Jumapili wao waliipokea kutoka kwangu na hakuna aliyekufa. Na mlio unarudi. Nausikia unavyopita kwenye kioo, mwembamba kama uzi, unatafuta mahali pake pa zamani, unakaa. Mlinzi yupo, anapuliza, naona koti lake likitikisika. Lakini sauti ya Aikaeli imetanda juu, na za wengine chini yake, na mlinzi ni kama anapulizia ndani ya mvua. Nikimtafuta nampata. Nikiacha kumtafuta, anazama. Na hili ndilo linalonichoma kuliko kioo, kuliko Jumapili: kwamba katika nchi nzima hii ya vioo na barabara, sauti pekee ambayo mlio wangu unajificha chini yake ni ya kwake. Ingekuwa ya mtu mwingine yeyote! Nasema hivyo kwa sauti, na nyuma yangu mtu anasema, Dada. Dada Ndeshi. Na kioo kinafunguka kwa ndani, kinene, bila kugonga.

Ni Wande, ameshika mlango. Anasema, Umelala, dada yangu, nusu ya kipimo umenibonyezea vizuri, nusu umenikoromea. Tunarudia. Tunarudia, nikiwa macho, au nikiamini kwamba niko macho, na mwisho ananiita kwenye meza yake na kunionyesha karatasi yenye mstari wa sikio la kushoto unaotembea vizuri halafu mwishoni unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Anasema, Hapa ndipo sauti nyembamba za juu zilipopungua. Daktari atakutazama, atahakikisha hakuna nta wala kitu kingine, mweleze na dawa zote unazotumia, na siku ukitundikiwa kwinini useme mapema, nayo huleta milio. Lakini nisikudanganye, huu hauna kidonge cha kuufuta. Sikio halileti taarifa za pale, ubongo unajaza pengo. Namwambia, Mlinzi anapuliza ajue mkubwa kwamba yupo. Ananitazama. Nani? Namwambia, Endelea. Anaendelea: mashineni uvae vizibo vya masikio, kesho, siyo mwezi ujao. Usikae kwenye kimya cha kufa, washa redio chini kidogo au feni ukitaka kulala. Na usiuwinde, ukiuwinda unakua, ukiwa na hasira unakua. Namuuliza, Na kuimba? Anasema, Imba, ila kaa mbali na spika. Lakini kama ulikuwa na mpango wa kuutegemea huo mlio kwa lolote, acha. Huwa unahama. Sikuwa nimemwambia hilo la kuutegemea. Sidhani kama nilimwambia.

Kwenye korido, kwenye benchi la wanaosubiri daktari, amekaa Aikaeli, begi la nyuzi mapajani. Anasimama. Shikamoo dada Ndeshi. Mwalimu kasema umekuja peke yako, nikaona si vizuri. Wamekuambiaje? Namwambia, Wamenipima. Tunakaa. Anatoa sweta la nusu mkono, anafuma mistari miwili, anaacha, anasugua sikio la kushoto kwa kidole gumba. Namwangalia kidole. Anasema, Kuna kitu kinanilia humu tangu saa tano kasoro hivi, nilikuwa tu nimekaa nafuma. Namuuliza, Kinaliaje? Anacheka, Hivi, na ananiimbia kwa pua, chinichini, namna anavyoweza kuifikia. Ni wangu. Si ule wa zamani. Ni huu wa baada ya harusi, uliopanda, ulionivua nguo mbele ya usharika. Aikaeli anasema, Cha ajabu hautikisiki, dada. Uko palepale. Nimeshaanza kujaribu kushuka nao mpaka kwenye do, unajua nikisimama mbele za watu naogopa nitaipoteza. Si naweza kuushikilia huu mpaka Jumapili? Ananitazama kama alivyonitazama siku ya kijiti cha fagio.

Sihitaji kusema kitu. Ninyamaze tu, siku nne, nimsifie, nimwambie jaribu, na mbele ya kwaya kumi na mbili Aikaeli atashuka ngazi zilezile kutoka mahali palepale, atawaangusha arobaini, na Mwalimu Kisamo atakumbuka jina langu. Ni kimya kidogo tu kinachotakiwa, na mimi nimekitamani kimya miaka miwili. Nasikiliza ndani yangu kuona kama mlio wangu bado upo au nimeutoa kweli, lakini korido imejaa, viti vinaburutwa, mtoto anakohoa, nesi anaita namba, na chini ya hayo yote siwezi kusema nasikia nini. Namwambia, Aikaeli, usiichukue do pale. Sauti yangu inatoka kavu, ya mtu anayenyang'anywa. Namwambia, Itakudanganya. Mimi ilinidanganya siku ya mavuno, na kabla ya hapo miaka miwili nilikuwa nawadanganya ninyi nayo. Sindano zinasimama. Kumbe? anasema. Kumbe, nasema. Kabla hamjatoka mwambie Mwalimu aguse kinanda mara moja, uishike do mdomoni mpaka mbele, usiiachie, usisikilize kingine. Anauliza, Na ikinitoka njiani? Hapo ndipo wivu unanirudia wote, maana jibu ninalo na sitaki kulitoa. Namwambia, Nitasimama kwenye alto, nyuma ya bega lako. Nitaimba chinichini. Utanisikia. Anasema, Asante, dada, anarudi kwenye sweta lake kana kwamba tumepanga safari ya sokoni. Kama hii ndiyo ndoto, nimesema kweli bure. Kama niko macho, Jumapili yangu nimeshaigawa kwa mdomo wangu mwenyewe, na msichana aliyeichukua amekaa hapa pembeni yangu, anahesabu nyuzi, mzuri, ametulia, namwonea wivu mpaka kwenye vidole.